Nilihesabu Watatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilihesabu ngazi. Zilikuwa tano. Nikarudi chini nikazihesabu upya, maana mtu aliyeuza mikeka stendi ya Kibiti miaka kumi na saba haamini hesabu ya kwanza, hata kama kaihesabu mwenyewe. Zikawa tano vilevile. Kwa nini nilizihesabu sikujua siku ile. Baadaye ngazi hizo ndizo zilizonipandisha cheo.

Jengo lilikuwa ghala la zamani la mpunga, limepakwa chokaa na kuitwa Makumbusho ya Sinema. Ndani mlikuwa na mashine za kuonyeshea picha, mabango, kamera za kushika kwa mkono na za miguu mitatu, na makopo ya bati yenye mikanda. Aliyenipokea ni Mhifadhi wa kwanza. Mhifadhi ndiye mkuu wa makumbusho. Kazi yake ni kuhakikisha vitu vya kale havizidi kuwa vya kale. Alikuwa bwana mwembamba, shati limechomekwa hata siku za joto la Machi.

"Stendi ulikuwa ukiuza nini, Bi. Zuhura?"

"Mikeka ya ukindu, Bwana Mhifadhi."

"Hapa hatuuzi kitu."

"Nimeona. Ndiyo maana hamna mtu."

Hakucheka, lakini alinipa kazi ya mwongoza wageni. Alisema wasomi ameshapata wawili na wote hawasikiki wakiongea. Mie nilikuwa nasikika hadi Bungu.

Aliyenifundisha sinema ni nini hakuwa yeye, alikuwa Fundi Sefu, mtu wa mitambo. Alifungua kopo moja, akanyoosha mkanda mbele ya dirisha. Nikaona picha ndogondogo zimepangana kama shanga, kila moja imesimama tuli. Mtu kainua mguu. Picha ya pili, kainua kidogo zaidi.

"Iko wapi inayotembea?" nikamuuliza.

"Hakuna. Zote zimesimama. Mashine inazipitisha ishirini na nne kwa sekunde moja, jicho lako ndilo linalotembea."

Nikahesabu ishirini na nne kwa kidole. Nikarudia. Halafu akawasha mashine, taa ikapiga ukutani, na yule mtu akatembea. Wanangu, mie nimepunja watu stendi kwa miaka mingi, na nimepunjwa na mabingwa. Sijapata kuona mtu anapunjwa macho yake makavu namna ile, na anashukuru. Nilikaa kwenye kiti nikaomba arudie. Akarudia mara nne. Tangu siku ile hadi nastaafu, taa ile ikiwaka nywele zilinisimama. Sikuwahi kuzoea, wala sikutaka.

Kituo changu cha pili hakikuwa jengoni. Nilipangiwa programu za shule, maana yake kuwapelekea sinema watoto wasioweza kuja. Tulikwenda Mohoro kwa gari, na Salale kwa boti, projekta imefungwa kwenye nailoni mbili kama mgonjwa. Darasa tulilitia giza kwa mashuka ya kuazima. Kabla ya picha niliwapa watoto duara la kuzungusha: kopo lenye matundu ubavuni na michoro kumi na miwili ya kamba wa baharini ndani yake. Ukilizungusha na kuchungulia tundu, kamba anaruka. Watoto wa Salale wanamjua kamba kuliko wanavyojijua wenyewe, na bado walipiga kelele. Mmoja alizunguka nyuma ya shuka kumtafuta. Sikumcheka. Siku zangu za mwanzo na mie nilichungulia nyuma ya ukuta, ila nilisubiri Fundi Sefu atoke.

Kisha akaja Mhifadhi wa pili, mama mfupi mwenye hatua za haraka, tuliyemwita Mama Mhifadhi. Wiki yake ya kwanza alifika mwalimu mstaafu mwenye kiti cha magurudumu, akazitazama zile ngazi tano, akageuza kiti. Mama Mhifadhi aliona kupitia dirishani.

"Ngazi hizi ni ngapi?" akauliza.

"Tano," nikajibu papo hapo. "Kila moja nusu futi."

Akanitazama vizuri. Ndipo alipoeleza kanuni ya njia ya mteremko: kila futi moja ya kupanda inataka futi kumi na mbili za urefu, usipofuata hivyo mwenye kiti anarudi nyuma kwa kasi. Futi mbili na nusu kwa kumi na mbili, thelathini. Nilizipima kwa kamba, nikapima tena, na mteremko ukajengwa. Mie nikawa msimamizi wa ziara za wageni wote. Maana yake asiyeona apewe vya kugusa, asiyesikia apewe mikono, asiyetembea apewe njia.

Lugha ya alama sikuianzia darasani. Stendi palikuwa na fundi cherehani kiziwi, Hadija, mtu wa Ikwiriri, na ukitaka akupunguzie ushonaji ilikubidi ugombane naye kwa vidole. Kozi niliyopelekwa baadaye ilinifundisha adabu tu. Huyo Hadija akawa mgeni wetu wa kila mara. Alipenda picha zisizo na sauti. Alisema humo ndani wote tumekuwa sawa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Tulikuwa na mkanda mmoja wa dakika mbili na nusu, mweusi na mweupe, hauna sauti. Kibao chake kilisema: *Wanawake watatu wakitwanga mpunga, Mbuchi.* Wamekizunguka kinu, kila mmoja na mchi wake, wanapokezana. Mchi ukiwa juu mwanamke anauachia hewani, anapiga kofi, anaudaka, anautua. Nimeuonyesha mkanda ule mara nyingi mno. Wanawake watatu, kuku wawili, ungo mmoja. Nilikuwa nimehesabu.

Lakini mkanda ulianza kutoa harufu ya siki. Mkanda wa sinema ukinuka siki ujue unakufa. Unasinyaa, matundu ya pembeni hayakai tena kwenye meno ya mashine, na siku moja unachanika. Mama Mhifadhi alipiga marufuku usiwashwe hadi upatikane mtu Dar wa kuunakili.

Ndipo alipokuja Bibi Siwatu kutoka Mbuchi, ameletwa na mjukuu wake wa kike aliyekuwa na shughuli zake sokoni. Asiyeona tangu utotoni, kwa surua. Siku hiyo Hadija naye alikuwepo, nikawachukua pamoja. Tulianza na meza ya kugusa. Bibi alipapasa kamera ya miguu mitatu, akakuta mkono wa kuzungushia, akauzungusha. *Kr-kr-kr-kr.* Akaganda.

"Mlio huu ulikuja kwetu," akasema.

"Kwenu wapi, bibi?"

"Mbuchi. Walikuja kwa boti. Mama na wenzie wakatwanga, wakaambiwa warudie, mara tatu. Mie nilikuwa mtoto, nimekaa karibu na kinu. Shangazi akasema, 'Mtoeni huyo kipofu, atatuharibia picha.' Mtu akanishika kwapani." Aliachia ule mkono wa kamera. "Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Walinitoa?"

"Mama mwenyewe hakukwambia?"

"Sikumuuliza. Nilikuwa naogopa jibu. Amekufa, na mie namfuata. Sasa siogopi tena."

Nilikuwa na jibu tayari, maana nilikuwa nimehesabu. Wanawake watatu, kuku wawili. Mtoto hakuna. Nikalimeza, nikaenda ofisini kuomba mkanda uwashwe.

"Haoni, Bi. Zuhura," Mama Mhifadhi akasema. "Mkanda ukikatika nitaandika nini? Kwamba umekatika tukimwonyesha kipofu?"

"Andika umekatika kazini."

"Mweleze kwa mdomo. Unaujua kwa moyo."

"Ninavyoujua mie sivyo anavyotaka. Mara tatu tu."

"Hata moja."

"Mbili, na mabango yote nayafuta vumbi mie."

"Moja."

"Moja ya kupimia, moja ya kweli."

"Hizo ni mbili."

"Nilijua unaijua hesabu, Mama Mhifadhi."

Akashika kichwa. Fundi Sefu akaambiwa awashe taratibu.

Raundi ya kwanza niliiharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Mazoea ya stendi: bidhaa ikiwa mbele yako, unaipamba. Mtu akiuliza mkeka una miaka mingapi unamwambia unavyong'aa. Taa ilipowaka nikaanza. Wanawake wazuri, wanatabasamu, jua zuri, khanga zao nyekundu.

Fundi Sefu akakohoa.

"Nyekundu?" Bibi Siwatu akauliza.

"Nyekundu, bibi, zinapendeza."

"Siku ile wote walivaa kaniki. Ilikuwa siku ya kazi, si ya harusi. Wee mwanamke, unaniuzia mkeka?"

Mkanda ukaisha. Dakika mbili na nusu, zimekwenda na khanga nyekundu zisizokuwepo kwenye picha ya weusi na weupe. Nimewahi kuona haya, lakini haya ile ilikuwa na jasho.

"Nisamehe, bibi. Imebaki moja."

"Basi usinipambie. Nihesabie."

Fundi Sefu alirudisha mkanda kwa mkono, polepole, anausikilizia kwa vidole. Akawasha. Nikahesabu. "Kushoto, mchi juu. Kofi. Kofi. Katikati, mchi juu. Kofi. Kulia..." Lakini mdomo ni mzito kuliko mchi. Nikisema kofi, mchi umeshatua. Nilikuwa naachwa nyuma, na mkanda unakimbia.

Hadija alikuwa amekaa kwenye benchi moja na bibi. Hakujua tunasema nini. Alikuwa akitazama ukuta. Akaanza kupiga ubao wa benchi kwa kiganja, kila mchi ulipotua, na kwa vidole, kila kofi lilipopigwa. Mtu aliyekanyaga cherehani miaka thelathini bila kuisikia anaijua mipigo mguuni. Hakukosea hata mmoja.

"Nyamaza wewe," bibi akaniambia. "Mwache huyu aseme."

Nikanyamaza. Ndani ya lile ghala palisikika kiganja cha kiziwi, na picha isiyo na sauti ikitwanga. Bibi Siwatu akainamisha kichwa. Mipigo ilipozunguka mara ya tatu, midomo yake ikafunguka, akaimba. Kindengereko, chini chini, na kila neno likatua juu ya mchi wake. Miaka yote tulikuwa na picha isiyo na sauti, na sauti yake iko Mbuchi, imekaa, inalima mpunga.

"Huyo wa makofi mawili," bibi akasema katikati ya wimbo. "Wenzie wanapiga moja. Huyo ndiye mama. Alipiga mawili ili nijue yeye ni yupi."

Hapo Hadija akaacha kupiga. Akainuka, akaenda hadi ukutani, kivuli chake kikaangukia kinu, akaweka kidole chini kabisa, pembeni kushoto. Fundi cherehani haanzi kutazama nguo katikati. Anaanza kwenye pindo.

Nikasogea. Kwenye pindo la picha, nusu umekatwa, palikuwa na mguu mdogo. Wayo umefunikwa vumbi. Mtoto mwenyewe yuko nje ya picha, mguu uko ndani.

"Kuna nini?" bibi akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Nilihesabu. Nikahesabu tena. Mara hii sikuongeza hata kitone.

"Mguu wa mtoto, bibi. Kushoto, ubavuni kwa yule wa makofi mawili. Unagonga chini."

"Unagonga mara ngapi?"

"Mara mbili. Kila akipiga makofi, unagonga mara mbili."

Mkanda ukaisha, ukuta ukabaki mweupe. Hakuna aliyewasha taa. Tukasikia sakafuni *tu, tu.* Ni kandambili ya Bibi Siwatu.

"Hawakunitoa mbali," akasema. "Alinishikilia kwa makofi."

Mama Mhifadhi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Kesho yake alikwenda Dar mwenyewe, kopo kalipakata. Mkanda ulinakiliwa ukiwa haujachanika. Tulimrekodi bibi akiimba, na Hadija akipiga benchi, vikaunganishwa na picha. Mie nikapewa kazi ya kuandika maelezo ya sauti, yale yanayomwambia asiyeona kinachotokea. Niliyaandika bila sifa hata moja. Fundi Sefu alisema yamekauka kama kauzu. Bibi Siwatu aliyasikiliza, akasema, "Sasa naona."

Nilistaafu chini ya Mhifadhi wa tatu, kijana anayenipa shikamoo kabla sijafika mlangoni. Aliniuliza kwenye hafla ya kuniaga, kazi hii imenifunza nini. Nilimwambia: mgeni usimpambie. Mpe kilichopo, chote, na uanze kwenye pindo. Stendi nilidhani kilichopo hakitoshi, ndiyo maana nilikuwa naongeza. Kilichopo kilikuwa kingi kuliko nilichowahi kuongeza, na nilikipita kila siku.

Magoti yangu sasa hayataki ngazi. Mwezi uliopita nilikwenda kama mgeni, nikapanda kwa ule mteremko wa futi thelathini niliodhani ni wa watu wengine. Chumbani wamejaa wanafunzi. Wameweka kibao kipya: *Watu wanne kwenye kinu, Mbuchi.* Binti anayeongoza siku hizi akawaambia wahesabu. Wakahesabu kwa sauti, wakafika watatu, wakaanza kubishana na kibao.

Nywele zilikuwa zimeshanisimama. Niliweka fimbo chini, nikatazama kushoto, nikagonga sakafu mara mbili.