Simu ya Fundi Isiyohitaji Mtandao

Fundi simu wa Ilongero huzima data kwanza, kisha humwonyesha mteja kioo. "Ona mama, haipo hewani. Akili mnemba ya kusomea karatasi imo yote humu humu, siri yako haitoki kibandani." Halafu huilaza simu yake juu ya kitambaa chenye maji, maana ikifikiri sana hupata joto kama chungu. Vidole vyake vina makovu ya kuungua, na sauti yake ni ya chini, ya mtu asiyependa kusikika kibanda cha pili.

Mboni alimpelekea karatasi aliyowekeshwa dole gumba na shemeji zake siku ya arobaini ya mumewe, sahani za pilau hazijaoshwa, wakisema ni ya mbegu za alizeti. Yeye hajui kusoma, na kila ajuaye kusoma kwao ni ndugu wa hao shemeji. Fundi akaipiga picha. Simu ikasoma kwa Kiswahili laini: shamba ni la shemeji, ila mjane ataendelea kulilima maisha yake yote.

"Angalau wameniachia pa kulima," Mboni akashusha pumzi.

Fundi hakuinua kichwa. Alipitisha ukucha chini ya kila neno la karatasi hadi mwisho, akarudia. "Mama yangu, hilo la kulima halimo. Simu imebuni. Isipoona vizuri hujaza yenyewe."

"Kumbe nayo ni ya ukoo wa shemeji zangu!"

Fundi akaisukuma simu pembeni. Mboni akavuta kigoda karibu.

"Basi nisomee wewe. Ubaya wote, usiruke hata neno."