Nilimfungulia Malkia kwa Sababu ya Jua

Jamani, nimekosa! Nimekosa mimi. Si jua, si Mlima Meru, wala si ng'ombe Malkia, ambaye mpaka leo akiniona anageuza shingo. Nacheka huku naandika, maana aibu hii nikikaa nayo peke yangu itanipasua.

Mimi ni fundi simu hapa Maji ya Chai. Kazi ikiwa haba natazama video. Wiki ya posa yangu nilikutana na moja ya dhoruba ya jua: jua limetema moto, sumaku yake inakuja duniani, itavuta miamba na matetemeko yatafuata. Nikatazama moja, simu ikaniletea kumi. Nikajiona profesa!

Jumamosi tukaenda Kikwe, nyumbani kwa kina Neema, mimi na baba mdogo ambaye ndiye mshenga wangu, na pipa la mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Ukoo wao hautoi jibu la posa koo likiwa kavu. Wazee wa binti wanywe kwanza pombe ya mkwe, ndipo waseme ndiyo au hapana. Baba mdogo alinionya njiani, "Kazi yako leo ni kuamkia na kunyamaza."

Nikaamkia. Kunyamaza kukanishinda!

Wazee wameketi sebuleni, pipa liko uani, simu ikalia mfukoni: dhoruba imefika. Nikasimama. "Wazee wangu, tokeni nje! Jua linavuta mlima!"

Neema anafundisha jiografia sekondari. Akanivuta shati. "We, kaa chini! Wataalamu wenyewe bado wanabishana kama jua linahusika na matetemeko. Na hata kama linahusika, nani kakwambia ni leo, tena hapa Kikwe?"

Sikumsikia. Wazee walishaanza kutoka, na mimi nikakumbuka Malkia, ng'ombe wa mama mkwe. Nikakimbia bandani nikamfungulia.

Ole wangu! Malkia kazaliwa bandani, kakulia bandani, majani na migomba analetewa. Siku hiyo ndiyo aliiona dunia! Alikata katikati ya mibuni ya kahawa mkia juu, akatokea uani, baba mdogo akaruka pembeni, pipa likapinduliwa. Mbege yote chini. Naye akasimama hapo akainywa mpaka macho yakalegea.

Ardhi haikutikisika hata kidogo. Aliyetikisika ni Malkia.

Baba yake Neema akalichungulia pipa tupu. "Kijana, pombe yenu kanywa ng'ombe. Jibu kamwombe yeye."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilitaka kulia. Tukarudi bila jibu, na Neema akaacha kupokea simu zangu. Niliumia jamani! Mwanamke ninayempenda nimempoteza kwa ajili ya video!

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja nafungua kibanda changu, ardhi ikatikisika kweli! Kidogo tu, kama inavyotokea huku kwetu mara mojamoja, vikombe vya mama ntilie jirani vikagongana. Hata sijatulia, simu ikaita. Baba yake Neema!

"Kijana, umesikia? Kumbe ulisema kweli! Ni lile jua lako?"

Ndugu yangu, nilitamani kusema ndiyo! Neno moja tu, na heshima yangu yote ingerudi. Lakini nikasema:

"Shikamoo baba. Hapana, baba. Siku ile sikujua, na leo pia sijui."

Kumbe simu aliiweka spika, maana nikasikia kicheko cha Neema kwa nyuma, kile kicheko nilichokikosa mpaka nikakonda.

"Baba, mwambie alete pipa lingine," alisema. "Sasa anaweza kuniposa."

Nililia mbele ya wateja wa mama ntilie, na sikuona haya!

Basi wewe unayesoma, nakusihi. Video ikikutia kiherehere, muulize anayejua kabla hujafungua mdomo. Ukikosa jibu, sema sijui, haiui. Na jua liwake, lizime, lipasuke, ng'ombe wa watu usimfungulie!