Boti Moja, Majina Mawili

Mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye meli za serikali. Mwaka ule wa kupunguzwa wafanyakazi, yeye na wenzake waliitwa asubuhi moja, wakapewa barua na kiinua mgongo, wakaambiwa karakana inafungwa. Alirudi nyumbani kwetu Pasiansi, Mwanza, saa nne asubuhi, saa ambayo sikuwahi kumwona nyumbani siku ya kazi, akakaa nje kwenye kigoda bila kuvua viatu vya kazini. Mimi nilikuwa nashona sare za shule. Sikuisimamisha cherehani. Niliogopa nikisimama tutatazamana, na tukitazamana mmoja wetu atalia.

Hakukaa bure muda mrefu. Siku hizo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa mjini, na kila mwenye mtumbwi alitaka injini. Injini zikawa nyingi ziwani, mafundi wachache. Ikiharibika kisiwani, mwenyewe aliipakia kwenye mtumbwi wa mwenzake kuileta Mwanza, siku nzima ya safari, na kazi yake imelala. Mume wangu akaanza kuwafuata hukohuko kwenye kambi za wavuvi. Alikuwa akiondoka na sanduku la spana, analala kwa watu asiowajua, anarudi baada ya wiki mbili amekonda.

Siku moja aliniambia huku anakula, "Kule watu wana hela, mama watoto, lakini wanavaa matambara. Hakuna fundi wa nguo kisiwa kizima."

"Basi twende wote," nikasema.

Akacheka. Mimi sikuwa nacheka. Nilimwambia wavuvi wanahama wakifuata samaki, kwa hiyo kupanga chumba kisiwani ni kazi bure, leo una wateja, kesho umebaki na nzi. Tunachohitaji ni nyumba inayohama nao. Boti pana yenye chumba juu yake, kitanda ndani, cherehani yangu upande mmoja na meza yake ya injini upande mwingine. Aliacha kutafuna. Alikuwa na tabia hiyo. Ukimwambia jambo la maana, tonge linasimama shavuni.

Fundi wa mitumbwi wa Kirumba alitutajia bei, tukarudi nyumbani kuhesabu hela. Kiinua mgongo kilitosha mbao, hakikutosha injini wala bati. Ilibidi tukope. Mimi nilikuwa mwanachama wa chama cha kuweka na kukopa kwa miaka mingi, niliweka kidogokidogo kwa hela ya sare. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza ameingia. Mtu mmoja peke yake asingepata mkopo wa kutosha boti na injini. Akiba zetu mbili zikiunganishwa, ungepatikana.

Hapo ndipo tulipogombana. Hatukugombana kwa kelele, maana mama yake tulikuwa tunakaa naye na watoto wawili, na nyumba ilikuwa na dari la gunia. Tuligombana kwa sauti ya chini, siku tatu.

Yeye alitaka akope peke yake, tuanze na boti bila injini, tupige makasia na tanga mpaka tujiweze. "Tukikopa wote na mambo yakaharibika, watachukua spana zangu na cherehani yako siku moja," alisema. "Nikikopa mimi, wewe unabaki na cherehani. Watoto watakula. Tukizama, tusizame wote."

Alisema kwa upendo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu. Nilimsimulia habari ambayo sikuwa nimemsimulia yote. Kwetu, upande wa Mara, marehemu baba yangu alikuwa na mtumbwi. Mbao zake zilinunuliwa kwa mbuzi wa mama. Baba alipofariki, ndugu zake waliuchukua mtumbwi kabla hata matanga hayajaanuliwa. Mama hakuwalaani. Alituambia, "Hawakuniibia. Hawakujua tu kwamba ni wangu. Nani angewaambia?"

"Mimi si ndugu wa baba yako," mume wangu akasema.

"Wewe si wao. Lakini na wewe una ndugu."

Mama mkwe alitusikia, dari la gunia halizuii neno. Asubuhi nilipompelekea uji nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba kisha akanishika mkono. "Mwanangu, mke na mume wakidaiwa wote wawili, wakigombana nani atawapatanisha? Aliye nje ya deni ndiye husema maneno ya kupoza." Nikamwambia uji unapoa.

Kilichotuamulia jambo ni kitanda. Siku ya nne mume wangu alikwenda Kirumba kumweleza fundi vipimo. Alirudi mapema, akasimama mlangoni kwa aibu kidogo. "Fundi ameniuliza cherehani ikae upande gani ipate mwanga. Sijui. Akaniuliza kitanda kiwe na urefu gani kutoka sakafuni, mtu aweze kuweka vitambaa chini yake. Sijui. Ameniuliza dirisha. Nimemwambia ngoja." Akakaa. "Nusu ya boti yenyewe siijui. Nitaikopea vipi peke yangu? Kesho twende wote chamani. Lakini ujue, tukizama tumezama."

"Mimi nimezaliwa majini," nikamwambia. "Mtoto wa mfuga ng'ombe kama wewe ndiye aogope."

Alicheka mpaka mama yake akauliza kuna nini.

Chamani karani alitutolea fomu. Mstari wa juu uliandikwa mkopaji. Chini kabisa palikuwa na mstari mfupi wa mke kuridhia. Mume wangu akaandika, karani akanisogezea karatasi, akaweka kidole kwenye ule mstari wa chini.

"Hapa, mama."

"Mimi sikuja kuridhia," nikasema. "Nimekuja kukopa."

Karani akamtazama mume wangu, kama mtu anayesubiri mwenye mzigo aje auchukue. Mume wangu akaikunja ile fomu, akaitia mfukoni. "Tuandikie nyingine yenye wakopaji wawili," alisema. "Tutasubiri."

Tulisubiri kwenye benchi mpaka saa saba. Ilibidi katibu aitwe kutoka kwake, na mashine ya kuchapa ilikuwa na herufi moja iliyokuwa ikikwama. Fomu ilipotoka ilikuwa na mistari miwili iliyolingana, mkopaji wa kwanza na mkopaji wa pili. Mume wangu akanipa kalamu. Nikaandika jina langu polepole, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wangu. Tulirudi Pasiansi kwa miguu ingawa nauli tulikuwa nayo. Nilitaka watu wanione, japo hakuna aliyejua nimefanya nini.

Boti ilijengwa ufukweni Kirumba miezi mitatu. Nilikuwa nakwenda kila Jumamosi, nakaa ndani ya mifupa ya mbao mahali cherehani itakapokuwa, nageuza kichwa kupima jua. Fundi alizoea. Alikuwa akiniita "mama dirisha". Siku ya kuishusha majini wanaume zaidi ya ishirini waliisukuma, na ilipoelea bila kuinama upande, nilipiga kigelegele ambacho sikupiga hata siku ya harusi yangu, maana siku ile nilikuwa bibi harusi na sikuruhusiwa.

Tuliwaacha watoto kwa bibi yao kwa ajili ya shule, tukawa tunarudi kila mwisho wa mwezi. Siku nyingine tulikuwa kisiwa cha Kome, nyingine kisiwa cha Maisome, nyingine tulishuka na ghuba hadi Kigongo kununua vipuri kwa watu wa kivuko. Chumba chetu kilikuwa cha hatua nne kwa tatu. Jiko la mkaa lilikaa ndani ya sanduku la mchanga. Harufu ya petroli iliingia kwenye mboga, na nyuzi zangu ziliingia kwenye injini zake, lakini hatukuwahi kununiana zaidi ya nusu siku, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kwenda kununa. Nilianza na suruali. Baadaye wakaniletea matanga ya mitumbwi. Mshono wa tanga si mshono wa sketi. Unakunja mara mbili na kurudia, la sivyo upepo unakudharau. Ilifika mahali nikiona tanga kwa mbali najua kama ni langu.

Mwaka wa pili injini ya mteja mmoja iliteleza wakati wavuvi wanaishusha, ikambana mume wangu mkono wa kulia kwenye jiwe. Vidole viwili vilivunjika vibaya. Daktari mjini alimwambia asishike spana kwa miezi mingi. Marejesho yakachelewa, na kwenye mkutano wa wanachama mtu mmoja akapendekeza injini ya boti yetu ichukuliwe mapema kabla haijachakaa. Mume wangu alikuwa amekaa na bandeji. Nikasimama. Nilikuwa sijawahi kusema neno katika mkutano ule kwa miaka yote.

Niliwaambia, "Anayeumwa ni mkopaji mmoja. Mimi ni mkopaji wa pili na siumwi. Nipeni miezi mitatu nilipe riba tu, halafu tutaendelea kama kawaida. Mkichukua injini, mtapata injini. Mkiniachia, mtapata hela yenu yote."

Walibishana, wakapiga kura, wakanipa. Wakati wa kutoka mume wangu alinipisha mlangoni nitangulie. Alikuwa amevimba kifua kana kwamba ndiye aliyehutubia.

Matanga peke yake yasingetosha. Kwa hiyo mume wangu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono kifuani, akanielekeza. Fungua hiyo. Usilazimishe. Safisha plagi. Nusa mafuta, yana maji? Wavuvi walikuja kutazama kama sinema. Mmoja aliondoka na injini yake, akasema hawezi kuacha riziki yake mikononi mwa mshona suruali. Kucha zangu ziliingia weusi ambao sabuni haikuutoa, na ilinibidi nishone kwanza asubuhi, nishike injini mchana, nisije nikachafua vitambaa vya watu. Miezi mitatu ilipokwisha tulirudi kwenye marejesho ya kawaida, na tulimaliza deni mwezi mmoja tu nyuma ya ratiba. Vidole vyake havikukunjika tena sawasawa. Hakuvisikitikia sana. Alisema vinatosha kushika mwiko.

Na kweli alishika. Siku moja tulikuwa tumefunga boti Maisome. Kijana mmoja mwenye mtumbwi alileta injini iliyozimikia kati ya maji, akatupita wote wawili kwa macho akitafuta fundi. Mume wangu akanyoosha kidole kwangu, akaingia ndani kuendelea na mapishi. Niliifungua peke yangu, bila kuuliza. Kabureta ilikuwa imejaa uchafu kama chungu cha dagaa. Niliisafisha, nikafunga, nikavuta kamba mara moja, ikakataa. Mara ya pili ikaguna. Ya tatu ikaunguruma, moshi ukatanda, bata wa watu wakakimbia ufukweni. Yule kijana alinilipa, akaongeza sato mkubwa, akanishukuru kwa mikono miwili.

Mume wangu akachungulia dirishani, jasho usoni, mwiko mkononi.

"Nawa mikono, fundi," akasema. "Ugali umeiva."