Ubao Usio na Paa

Miaka ya hamsini, mmisionari mmoja wa Kizungu alitufundisha sisi wasichana kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka masizi yenye mafuta ya mawese, kisha kukandamiza karatasi juu yake kwa mgongo wa kijiko. Ulichochonga hutoka cheupe, ulichoacha hutoka cheusi. Nikajiona fundi.

Nilimchonga mama mmoja wa ng'ambo ya ziwa, Kongo, aliyeolewa upande wetu. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walibomoa nyumba, naye akawa analala chini ya kichanja cha kukaushia samaki, hapa kwetu Kashikishi, ufukweni. Ili aonekane mpweke, nilikwangua ubao wote uliomzunguka. Mmisionari akafurahi. Alisema nakala zitavuka ziwa, ziuzwe makanisani Kasenga, huko Kongo, kusaidia maskini.

Nilimpelekea mama nakala moja, nikamwambia nyingine zinakwenda Kasenga. Akaitazama sana.

"Huyu njo miye?"

"Ni wewe, mama."

"Umenitia inje. Mutoto yangu iko Kasenga, anakaa na bukwe yake, bazazi ya bwana yake. Bakiona hii batamucheka. Unitiye mu nyumba, hata ya kiloko, kidogo tu."

Paa ningelitoa wapi? Mti wa kulichongea ulikuwa umeshafagiliwa pamoja na takataka, na ubao haurudishiwi kilichotolewa. Nikatafuta ubao mwingine. Nikachonga nyumba ya nyasi, mlango, na yeye kizingitini. Mmisionari aliitazama akasema ni nzuri, lakini nani atamhurumia mwenye nyumba? Boti ikaondoka na zile za kwanza. Nilikasirika, ila msichana wa misheni angemwambia nini mtu yule?

Nikamwomba mjomba wangu ampe mama japo pembe ya jikoni alale. Akasema mgeni yule si wa ukoo wetu, asije akatuletea maneno. Msitu wote ule nyuma yetu, nyasi kila mahali! Kweli penye miti hapana wajenzi.

Picha ya pili nilimpelekea mama mwenyewe. Alipitisha kidole juu ya paa, akashuka nacho hadi mlangoni, akatabasamu kidogo. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Uniwekee kwako, mutoto yangu. Miye sina kibambazi ya kuitundika, na mvua inakuya."

Nikaibandika ukutani, juu ya kitanda changu. Mvua ilianza kabla sijamaliza, na picha haikulowa.