Kadi ya Kaloama

Zamani watoto wa kijiji walijaa shuleni hadi wengine wakasomea kwenye ukumbi wa kanisa. Mwaka ule ukiingia, ulikuta mkeka mmoja na watoto wawili juu yake, kama makombo ya karamu.

Wawili hao walikuwa Molima na kaka yake Ikipa. Walizaliwa ng'ambo, mjini Auckland, wakaletwa kisiwani kwetu Niue kukaa kwa bibi yao, na kila neno la kitabu cha lugha yetu walilisoma bila kujua ni la nini. Mwalimu Tiva alipochoka kueleza, akamwita mzee Vilikoka awasaidie.

Vilikoka alikuja na kapu la makuti na desturi aliyolelewa nayo: kitu kwanza, neno baadaye. Alitoa gimbi na udongo wake, akatoa kaa mla nazi aliyefungwa miguu. Watoto wakashika, wakanusa, Ikipa akabanwa kidole akalia. Ndipo mzee akageuza kadi yenye neno. Neno lililoingia kwa njia hiyo halikutoka tena. Kila asubuhi Molima alikuwa wa kwanza kuchungulia kapuni.

Kisha bibi yao akafariki, na mama yao akapiga simu kwamba watoto wapande ndege ya Ijumaa. Kadi zote zilikuwa zimekwisha isipokuwa moja: kaloama.

Kaloama ni samaki wadogo wanaokuja na majira ya baridi. Miaka miwili walikuwa hawajaja. Mwaka huo walikuja, maji yakatia giza chini ya jabali, na kwa kuwa walikuja, fono, marufuku ya kijiji, ikawekwa: hakuna kukanyaga mwamba, hakuna kurusha jiwe, hakuna hata kupiga kelele karibu na bahari, mpaka wazee wafungue. Makuti ya kuziba njia ya kushukia baharini aliyafunga Vilikoka mwenyewe.

Alimwendea Fisa, mkuu wa baraza la kijiji, akamkuta anapalilia magimbi. Akamweleza habari ya Molima na kadi ya mwisho.

Fisa hakuinua kichwa. “Mjomba, juzijuzi mwanangu alirusha kijiwe kimoja tu, ukasimama kanisani ukamtaja kwa jina. Leo unataka samaki mzima?”

“Mmoja tu. Ashike, arudishwe majini.”

“Fundo ulifunga wewe. Nikimfungulia mtoto wako, kesho nitamnyima nani?”

Vilikoka akageuka kurudi, maana maneno hayo yalikuwa yake. Fisa aliyasikia kwake tangu akiwa mdogo.

Tiva alimwambia ana picha kwenye simu, amwonyeshe Molima yaishe.

“Picha haina magamba,” mzee akasema.

“Lakini wanaondoka, babu.”

“Basi wataondoka bila.”

Alhamisi alfajiri alishuka mpaka kwenye makuti. Hapakuwa na mtu. Nyumba za upande ule zilikwisha kuhamwa, milango imeliwa na miti. Aliweka mkono juu ya fundo, akawasikia samaki wakirukaruka chini kama mvua ndogo. Alijiuliza wanahifadhiwa wapate kuliwa na nani, ilhali kijiji kizima kinakula kuku wa kugandishwa na samaki wa kopo. Mkono aliuondoa, akarudi nyumbani, na tangu hapo hajui kama siku ile alilinda kitu au alikizika.

Ijumaa, kwenye uwanja wa ndege, akina mama waliwavisha watoto mikufu ya makombe ya baharini, wakaimba, wakalia. Vilikoka alifika na kapu lake kwa mazoea tu. Akampa Molima kadi.

Molima akasoma mara moja, bila kukwama. “Kaloama.” Kisha akachungulia kapuni, maana vitu siku zote vilitoka humo. Akaingiza mkono, akapapasa mpaka chini.

“Hamna kitu, babu.”

“Hamna.”

“Kwani ni nini?”

Alifungua kinywa aeleze, naye katika maisha yake hakuwahi kumweleza mtoto samaki kwa maneno. Akasema ni mdogo. Akasema anakuja wakati wa baridi. Shangazi yao aliyekuwa akisafiri nao akawavuta, abiria walikuwa wanapanda.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona: Ikipa mbele, anakimbia, na Molima nyuma yake kwenye ngazi za ndege, ameibana kadi kwa meno ili mikono yote miwili ishike reli.