Dereva wa Kike wa Kona ya Nne

Mama yangu mdogo anaendesha lori. Anatoka Tunduma na mzigo wa shaba kutoka Zambia, anapita Mbeya, anapita Iringa, anashuka mlima Kitonga, anaenda kuushusha Dar es Salaam. Ameifanya kazi hiyo tangu mimi niko darasa la tano. Kwa hiyo nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Iringa, nikisoma kompyuta, na walimu wakatutaka tujigawe watatu watatu kila kundi litengeneze kitu kinachofanya kazi, sikuhangaika kutafuta wazo. Nilisema tutengeneze gemu ya lori linaloshuka Kitonga, na dereva awe mwanamke.

Wenzangu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa dada wa kutoka Makambako, mpole, aliyeshughulikia sauti: injini, honi, mluzi wa breki. Wa pili alikuwa kaka aliyetupita darasa zima kwa kuandika programu, na huyo tulimfanya kiongozi bila hata kulijadili. Mimi nilichora. Nilimchora mama mdogo kama alivyo: sweta zito, kilemba cha kitenge, na ile tabia yake ya kukaa mbele kabisa ya kiti kama mtu anayetaka kuinuka.

Kiongozi aliitazama ile picha siku ya kwanza akasema ni nzuri. Baada ya wiki mbili akaja na wazo.

"Tuweke madereva wawili," alisema. "Mwanaume na mwanamke. Mchezaji achague mwenyewe. Si kila mtu atapenda kucheza kama mama."

"Kwani mama ana nini?"

"Hana kitu. Nasema kuchagua ni kuzuri."

Sikuweza kubishana na hilo. Kuchagua ni kuzuri kweli. Nikachora dereva wa pili, kijana mwenye kofia, na nikakiri moyoni kwamba gemu imekuwa bora kuliko ilivyokuwa.

Tulipoanza kuwapa wanadarasa waijaribu, kuna jambo lilitokea ambalo sikulitilia maanani mapema. Waliomchagua kijana walishuka mlima wakafika chini. Waliomchagua mama walifika kona ya nne, breki zikafuka moshi, lori likapita ukingo. Si mara zote, lakini karibu mara zote. Wavulana wakaanza kucheka. "Mama kapeleka mzigo korongoni!" Ikawa msemo pale darasani. Mtu akikosea jibu anaambiwa amefika kona ya nne.

Nami nilicheka nao. Hilo ndilo ninaloona aibu kulisema. Nilijaribu kucheza na mama mara kama sita, nikaanguka mara tano, nikajiambia sina mikono ya gemu. Nikawa namchagua kijana. Mimi niliyemchora yule mwanamke, niliyekopi hata alivyofunga kilemba, nilianza kumkwepa kwenye skrini.

Siku moja kabla ya kuwasilisha kazi yetu mbele ya walimu, mama mdogo alinipigia simu. Alikuwa Ipogolo, amepaki, anasubiri karatasi fulani za mzigo, na angeshuka Kitonga asubuhi. Nikachukua laptopu yangu, nikashuka kutoka mjini. Ilikuwa saa nane mchana, upepo wa Juni unakata masikio. Nilimkuta mgahawani kando ya barabara kuu, malori yamejipanga nje kama nyumba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Kaa." Akaniagizia chai na chapati kabla sijajibu, na mhudumu alipoleta akamwambia, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha akacheka kwa kusahau kwamba yuko Uheheni.

Nikamfungulia gemu. Alijiona kwenye skrini. Akagusa kilemba chake.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

Akacheza. Nilimwonyesha vitufe: hiki gia, hiki breki, hivi vya kukata kona. Aliingiza gia namba mbili juu kabisa ya mlima, kabla hajaanza kushuka, na hakuigusa tena. Breki alizigusa kidogo kidogo, anaachia, anagusa, anaachia. Hakuna mwanadarasa aliyeendesha vile. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, moshi. Lori likapita ukingo.

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Rudisha."

Akacheza tena, taratibu zaidi. Kona ya nne, moshi. Mara ya tatu alikwenda polepole kiasi kwamba lori lilikuwa karibu kusimama, na bado breki zikafuka pale pale. Akaondoa mikono kwenye laptopu akanitazama, na uso wake haukuwa tena wa mtu anayecheza.

"Lete yule kijana."

Nikambadilishia. Akaendesha vilevile, gia mbili, kugusa na kuachia. Akafika chini bila hata chembe ya moshi.

"Mwanangu," alisema, "hili lori la huyu mama ni bovu. Mimi nimefanya kila kitu sawasawa. Mlima nimeushuka mara sijui ngapi, naujua. Mmempa gari bovu."

"Lori ni moja, mama mdogo. Picha tu ndiyo tofauti."

"Angalia."

Nikafungua mafaili palepale, juu ya meza yenye alama za vikombe. Sikuwa nimewahi kuyasoma. Ya kwangu yalikuwa michoro. Ilinichukua muda kupata faili la madereva. Lilikuwa fupi. Kila dereva alikuwa na mistari yake: jina la picha, rangi ya lori, kasi ya breki kupata joto. Kwa kijana iliandikwa moja. Kwa mama iliandikwa moja nukta nane, yaani breki zake zilipata joto karibu mara mbili ya zile za kijana.

Nilisoma tena, nikidhani nimechanganya mistari. Sikuwa nimechanganya. Wiki zote zile, kila aliyeanguka, kila kicheko, mimi mwenyewe kujiona sina mikono, vyote vilitoka kwenye namba ile.

"Nani kaandika?" aliuliza mama mdogo.

"Kiongozi wetu."

"Mpigie."

Nikachukua simu. Nilishaanza hata kulitafuta jina lake. Halafu nikaiweka mezani.

"Nitaongea naye kesho," nikasema.

Mama mdogo alinitazama kidogo, lakini mtu wa mzigo alikuwa amefika na karatasi, akainuka.

Nilipanda kurudi mjini kwa miguu ingawa bodaboda zilinipungia. Nilitaka muda. Kufika juu nilikuwa nimeshaamua, na sikuamua kwa hasira ya kulipuka. Niliamua polepole, hatua kwa hatua, na ndiyo maana siwezi kujitetea. Sitamwambia. Namba ile sitaigusa. Nitaiacha ijisemee yenyewe mbele ya watu.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Walimu watatu walikaa mbele, katikati yao mwalimu mkuu wa somo letu, mzee wa sauti ya chini ambaye hajawahi kumfokea mtu na ambaye wote tulimwogopa. Tulijua pia kwamba ameahidi kumwombea kiongozi wetu nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi moja Mbeya. Kiongozi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Akaeleza vizuri, kama kawaida yake. Akacheza na kijana, akashuka mlima, watu wakapiga makofi.

Nilimwona yule dada wa Makambako ananiangalia, kama anahisi kitu.

"Na huyu mama?" mwalimu akauliza.

Nikasimama. "Mwalimu, naomba ujaribu mwenyewe. Uanze na kijana, halafu mama. Gia namba mbili kwa wote, usibadilishe chochote."

Kiongozi aligeuka kunitazama. Hatukuwa tumepanga hivyo.

Mwalimu akasogeza kiti. Alikuwa mzito wa vitufe, lakini alifuata nilichosema. Kijana akafika chini. Akamchagua mama. Ukumbi ukaanza kunong'ona kabla hata ya kona ya pili, maana wote walijua. Ya tatu. Ya nne, moshi, lori likaruka, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mama kapeleka!"

Mwalimu hakucheka. Alisubiri kelele zipungue.

"Nimeendesha tofauti?"

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Namba ndiyo tofauti. Iko kwenye faili la madereva."

Akaomba alione. Kiongozi ndiye aliyelifungua, na vidole vyake vilikosea mara mbili. Mwalimu akasoma mistari yote miwili kwa sauti.

"Nani aliandika?"

"Mimi," kiongozi akasema. "Ni ngazi ngumu, mwalimu. Gemu lazima iwe na ngazi rahisi na ngazi ngumu."

"Umeiandika wapi kwamba ni ngazi ngumu? Mchezaji atajuaje?"

"Sijaandika."

"Na kwa nini ngumu ikawa ya huyu, na si ya yule?"

Kiongozi alifungua mdomo. Nilimtazama usoni kwa sababu nilikuwa nasubiri kuona uongo, na sikuuona. Niliona mtu anayetafuta jibu ndani yake na kukuta hamna kitu.

"Sijui," alisema. "Niliweka tu."

Niliyapata niliyoyataka. Lakini mwalimu alikuwa hajamaliza. Akanigeukia mimi.

"Wewe ulilijua hili lini?"

"Jana, mwalimu. Saa tisa alasiri."

"Una namba yake ya simu?"

"Ninayo."

"Hukumpigia."

"Sikumpigia."

"Kwa nini?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nilitaka kusema kwamba nilikasirika, lakini mtu aliyekasirika angepiga simu.

"Nilitaka watu waone," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akaturudishia kazi wote watatu. Tulipewa wiki mbili za kuirekebisha. Yule dada wa Makambako, ambaye hakujua chochote cha upande wowote, alitoka nje akilia.

Mama mdogo alipiga simu mchana akiwa ameshashuka salama. Kabla sijamuuliza habari za njia aliniuliza kama tumerekebisha. Nikamsimulia yote, nikidhani atafurahi.

"Hapo umekosea," alisema. "Yeye amekosea, na wewe umekosea. Sisi huku tukiona tairi la mwenzetu linatoa moshi tunamwashia taa. Hata kama jana alitupita vibaya."

"Lakini, mama mdogo, alikufanya wewe..."

"Mimi sijafanywa kitu. Mimi nimeshuka. Nenda kaongee na mwenzako."

Sikwenda. Wiki mbili zile tulifanya kazi kwenye chumba kimoja bila kusalimiana. Yeye alisawazisha namba, akatengeneza ngazi tatu za ugumu ambazo kila dereva angeweza kuzicheza, na juu ya skrini akaandika kwa herufi kubwa kila ngazi ina maana gani. Ilikuwa kazi nzuri. Nilichora ukurasa mpya wa kuchagulia, madereva wawili wamesimama mbele ya lori moja. Tulipita, kwa alama za wastani. Nafasi ya Mbeya mwalimu hakumwombea tena. Alienda kufanya mafunzo kwenye duka la kuchapisha karatasi pale pale Iringa.

Siku alipokuwa anahama bweni nilimkuta kwenye korido, ameweka godoro begani.

"Ungenipigia tu," alisema, bila hata salamu. "Ningebadilisha kwa dakika moja. Mimi sikuwa na nia yoyote."

"Ndicho kilichoniumiza," nikamjibu. "Kwamba hukuwa na nia yoyote. Ulihitaji mtu wa kupewa gari gumu, ukampata yeye bila kufikiri."

Akalishusha godoro. Nilidhani tutagombana.

"Nimelifikiria sana hilo," alisema. "Sijapata jibu."

Akalibeba tena akaondoka, nami nikabaki pale na samahani yangu mdomoni.

Niliitoa mwaka jana tu. Nilikuwa nimerudi Mbeya baada ya kuhitimu, nachora matangazo ya maduka. Tulikutana Mwanjelwa sokoni, yeye amekuja kununua viazi vya kupeleka kwao. Amenenepa, amefuga ndevu. Nilimwomba msamaha hapo hapo katikati ya magunia, watu wanatusukuma, kwa sababu nilijua nikisubiri pahali pazuri nitashindwa tena. Nilisema lile la simu, nikasema na lile la kupanda mlima kwa miguu huku nikipanga.

Alinisikiliza. Kisha akasema kwamba anatengeneza gemu nyingine, ya simu, ya wakulima wanaopeleka mazao sokoni, na hana mchoraji.

"Mkulima ni nani?" nikauliza.

"Sijaamua. Nilitaka kwanza nimuulize mtu."

Nilimwambia nitafikiria. Wiki iliyofuata nilikubali, kwa sharti kwamba kila faili tulisome wote wawili, mstari kwa mstari, kabla halijafika kwa mchezaji yeyote. Jumamosi ya kwanza tulibishana saa nzima juu ya namba moja tu, uzito wa gunia.