Karafuu za Jumamosi

Ijumaa asubuhi ilikuwa siku ya kusugua vyombo vya fedha. Nilifika Fairfax, huku ughaibuni, kutoka Langley Park baada ya basi lililojaa hadi mlangoni, treni, kisha basi jingine, na kwa nusu saa ya kwanza sikutaka kuongea na mtu. Nilitandika gazeti juu ya meza ya jikoni nikapanga vyombo vya Sabato: vinara viwili vya mishumaa, kikombe cha kubarikia mvinyo, na kisanduku cha manukato, ambacho nilikipenda kuliko vyote. Kilikuwa na umbo la mnara mdogo, mlango wake si mkubwa kuliko ukucha wa kidole gumba, na kileleni kilikuwa na kibendera kinachozunguka ukikipuliza. Bibi, mwenye nyumba, alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu akinisimamia.

"Bendera usiisugue kwa nguvu," aliniambia kila Ijumaa kwa miaka mitatu. "Mama yangu aliivunja mara moja, inatosha."

Kazi yangu ilikuwa kumtunza: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa zake. Nilimwita Bibi kwa sababu kwetu Pemba mtu wa umri ule humwiti kwa jina lake, naye alilipenda neno lenyewe hata akawa anajiita hivyo mbele ya watu wa duka la dawa.

Jumamosi jua likishazama, Wayahudi huiaga Sabato. Huwashwa mshumaa uliosukwa kama nywele, kikombe hujazwa hadi kimwagike, na kisanduku hupitishwa ili kila mtu anuse manukato, roho ipate kujiliwaza kwa siku njema inayoondoka. Nyumbani kwa Bibi tulikuwa wawili tu. Alinimiminia juisi ya zabibu kwa kuwa mvinyo sinywi, na mshumaa nikaushika mimi.

"Nyanyua juu!" alinichokoza. "Hicho ndicho kimo cha mume utakayempata."

Mie mtalaka, nikamwambia wa kwanza alikuwa mrefu kama mnazi na sikuona faida yake. Alicheka hadi akakohoa.

Mara ya kwanza nilipokinusa kisanduku kile nilimwonea huruma. Karafuu zake za dukani zilikuwa zimekufa, vijiti vitupu. Nilimpigia dada yangu Pemba, na miezi miwili baadaye mtu aliyekuwa anakuja huku akaniletea pakiti. Jumamosi iliyofuata Bibi alinusa, akanusa tena. Alisema jikoni kwa mama yake kulinukia hivyo hivyo. Alinishika mkono asiuachie mpaka mshumaa ulipozimwa, na mimi nikajiona mtu wa nyumba ile. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Alhamisi moja mjukuu wake wa kike alikuja, anayesoma chuo kilicho karibu. Alikuwa anaolewa na Mkristo, na mama yake, yaani binti wa Bibi, alikuwa ameapa kwamba hakuna chombo hata kimoja cha ibada cha ukoo kitakachoingia nyumba hiyo mpya. Bibi hakubishana na kiapo. Alisubiri binti yake awe kwake Manassas, akamwita mjukuu, akaniambia nilete kisanduku.

"Kimwage," alisema. "Atajaza karafuu zake."

Nikakimwaga. Lakini mtoto wa Pemba hatupi karafuu. Nimekulia kwenye majamvi ya kuanikia, na tulipokuwa wadogo hata ile moja iliyodondoka njiani tuliambiwa turudi tuiokote. Nilizifunga kwenye karatasi ya jikoni nikazitia katika mkoba wangu, nikinuia Jumamosi kuzimimina kwenye chupa ya jamu, maana Bibi mwenyewe alishanifundisha kwamba chombo chochote kinafaa.

Msichana alipoondoka na kisanduku, Bibi alinivuta kanzu. "Hii ni siri yetu. Binti yangu akiuliza, nitasema mwenyewe. Wewe usitamke neno." Nikamuahidi.

Kesho yake nilikuwa nasugua kinara cha pili binti yake alipoingia ghafla na mikate ya Sabato. Aliyatazama magazeti mezani. Vinara, kikombe. Akatazama tena.

"Kisanduku cha manukato kiko wapi?"

Nikamgeukia Bibi. Nilikuwa hata sina wasiwasi, nilikuwa namwachia nafasi aseme. Bibi alikuwa anapapasa kitambaa cha magotini.

"Mama, kiko wapi?"

"Sikumbuki," alisema Bibi.

Mkoba wangu ulikuwa umetundikwa kwenye kiti, na karafuu haijui kujificha. Binti alivuta pumzi, akaufuata, akaufungua bila kuniomba. Karatasi ilichanika mkononi mwake na karafuu zikatawanyika sakafuni. Na mimi, kwa mazoea tu, nikapiga magoti nikaanza kuziokota. Namna nilivyoonekana pale chini ninaijua, sihitaji kuambiwa. Mwizi anakusanya alichoiba.

Niliinua uso nikamtazama Bibi. Mwanamke huyu alikumbuka baraka zote kwa lugha ya mababu zake, alikumbuka bendera ilivyovunjika kabla mimi sijazaliwa. Macho yetu yalikutana. Akayahamishia dirishani.

Binti yake alinionyesha mlango, akasema nisirudi. Ningeweza kusema. Sentensi moja ingetosha. Lakini nilikuwa nimeahidi, na niliamini kwamba wakati wowote atafungua mdomo. Niliamini hivyo nikivaa koti. Niliamini hivyo hata kwenye kituo cha basi, nikageuka mara mbili kuutazama mlango.

Mwenzangu ninayeishi naye, mtu wa Nairobi, alipandwa na hasira kuliko mimi. "Kwani wewe ni nini? Si ungemtrace huyo granddaughter kwa Facebook akuclear jina? Uwache hii heshima yako ya Pemba!"

"Simtaki mjukuu," nilimjibu. "Nataka Bibi aseme."

Wiki zikapita. Nilijiambia kwamba ni uzee, kwamba labda kweli alisahau. Nililishikilia neno hilo kwa mikono miwili, kwa sababu kusahau hakuna ubaya ndani yake. Kazi nyingine nilizoomba walitaka mtu wa kunishuhudia, na miaka yangu mitatu nilikuwa sina wa kuishuhudia.

Kisha binti akapiga simu. Alikiona kisanduku katika picha ya nyumba ya bintiye. Aliomba radhi vizuri, sitamdhulumu. Alinitaka nirudi, akasema mama yake ananiulizia kila Jumamosi. Akampa simu.

"Bibi," nikasema, "siku ile ulisahau, sivyo?"

Nilimpa jibu mkononi. Alichotakiwa ni kulipokea tu.

"Hapana," alisema. "Nilikumbuka kila kitu." Akaendelea: "Binti yangu asingenisamehe kamwe. Wewe nilijua utanisamehe."

Kwa hiyo alitupima mimi na binti yake pale pale jikoni, akachagua wa kumtupa, na akamtupa yule aliyemjua kwa wema wake. Nimetukanwa katika nchi hii na watu wasionijua, na haikuniuma hivi. Huyu alinijua.

"Ulikosea, Bibi," nilisema, nikakata.

Karafuu zile nilikuwa bado ninazo. Jumamosi nilipika pilau nikazitia zote. Mwenzangu alionja kijiko kimoja akasukuma sahani, akasema ni chungu, hailiki. Mimi nilimaliza yangu.